Jengo kongwe la chuo: likarabatiwe lilivyo, lijengwe upya kwa ndani, au lijengewe mwenzake?

Kamati za majengo za vyuo vyetu vya pwani hukwama mahali pamoja. Kuna jengo la mawe la ghorofa mbili au tatu ambalo kila aliyewahi kusoma hapo analikumbuka. Wanafunzi wamezidi, mvua ikinyesha dari inavuja, soketi hazitoshi, na mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu anaishia barazani. Kikao kikikaa, zinatokea pande tatu. Wa kwanza wanasema litengenezwe lilivyo. Wa pili wanataka kuta za nje zibaki, ndani pamwagwe zege. Wa tatu wanasema liacheni lipumzike, jengeni jingine pembeni. Kila upande una hoja yake, na kila upande huwa na mhandisi wa kuuunga mkono.

Ulinganisho huu unahusu majengo ya mawe ya matumbawe na chokaa, yale ya Unguja, Lamu, Mombasa, Bagamoyo na miji mingine ya pwani. Kama lenu ni la zege la miaka ya 1950 au 1960, mfano wa Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ule uliokuwa na sura yake kwenye noti ya zamani ya shilingi 500, basi maradhi yake ni mengine: nondo zinashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka na kumeguka. Habari za chokaa hazitawafaa. Habari za uzito, moto na matumizi ya vyumba zinawahusu vilevile.

Vigezo vya kupimia

Kabla ya kutaja njia, tajeni kazi. Andikeni kila chumba kitafanya nini: darasa la watu wangapi, maktaba, ofisi, maabara ya kompyuta, jiko, vyoo. Orodha hiyo itawaonyesha mengi kuliko mchoro wowote wa rangi utakaoletwa mezani. Nimeona kamati ikibishana juu ya rangi ya madirisha kikao baada ya kikao, na hakuna aliyeuliza vitabu vitakaa ghorofa ya ngapi.

*Uzito.* Mafundi wa zamani walipanga vyumba kwa kufuata urefu wa boriti. Boriti ya mkoko iliyonyooka haivushi chumba zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya majengo haya ni virefu lakini vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe, juu ya mawe hushindiliwa chokaa na kifusi. Sakafu yenye unene wa sentimita 25 ina kilo zipatazo 400 kwa kila mita ya mraba kabla hajakanyaga mtu. Sasa ongezeni watu na vitu. Kwa viwango vya Uingereza ambavyo wahandisi wengi wa Afrika Mashariki walivisomea, darasa huhesabiwa kilo 300 kwa mita ya mraba juu ya uzito wa sakafu yenyewe. Chumba cha rafu za vitabu huanzia kilo 650. Yaani kuhamisha maktaba kutoka chini kwenda juu ni zaidi ya kuzidisha mzigo mara mbili, na barua ya kuhamisha maktaba huandikwa kwa dakika tano.

*Maji na chumvi.* Kinachoyaua majengo haya ni maji kuliko umri. Maji ya paa, ya mabomba ya choo, ya viyoyozi, na yale yanayopanda kutoka ardhini yakibeba chumvi.

*Umeme, hewa na intaneti*, kwa sababu bila hivyo hakuna chuo leo.

*Moto na upitaji wa watu.* Ngazi ngapi, milango inafunguka kuelekea wapi, asiyeweza kupanda ngazi anafikaje.

*Fedha, muda, mafundi na ruhusa.* Hapa sheria zinatofautiana. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na huko hamgusi ukuta bila Mamlaka ya Mji Mkongwe kuona michoro. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Vyuo na shule nyingi za wamisionari na za serikali za kikoloni ni changa kuliko hapo, kwa hiyo zinapata ulinzi zikitangazwa rasmi. Ulizeni lenu liko fungu gani kabla hamjamlipa msanifu.

Njia ya kwanza: kulikarabati lilivyo

Maana yake ni mawe kwa mawe, chokaa kwa chokaa, boriti kwa boriti, na kuchagua matumizi ambayo jengo linayaweza.

*Uzito.* Kazi huanzia kwenye ncha za boriti. Nilikuwa na fundi mmoja mzee darini, katika jengo ambalo ripoti yake ilisema boriti zote zing'olewe. Hakubisha. Alichukua bisibisi akaichomeka pale boriti inapoingia ukutani. Ikazama mpaka mpini. Akasogea hatua moja, akachomeka boriti ileile. Ikagota. "Mwanangu," akasema, "boriti haiozi katikati. Inaoza inapolala." Ukuta uliokunywa maji ya paa ndio ulioozesha ncha, na sehemu iliyobaki ilikuwa nzima. Ugonjwa wa namna hiyo hutibika kwa kupitisha mhimili mpya kando ya ukuta chini ya zile ncha, au kupandikiza boriti mpya pembeni ya ile mbovu, na kuziba panapovuja. Kuta zilizoanza kufunguka huvutwa kwa fimbo za chuma kisichoshika kutu, kutoka ukuta mmoja hadi wa pili.

Kisichofaa ni ile tabia ya kumwaga zege juu ya sakafu ya boriti "ipate nguvu". Sentimita 10 za zege ni kilo 240 kwa mita ya mraba. Mmeichosha boriti kwa zaidi ya nusu ya mzigo wake wa zamani, na chini hamjaongeza kitu. Kama kuna ghorofa chuoni kwenu iliyofanyiwa hivyo miaka ya nyuma, ndiyo ya kukaguliwa kwanza.

Hata likitengenezwa vizuri kiasi gani, jengo la njia hii linabaki na mipaka yake. Madarasa madogo, ofisi, vyumba vya semina, sawa. Ukumbi wa watu 200 ghorofani, hapana.

*Maji na chumvi.* Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa. Lipu ya chokaa inaruhusu hilo. Lipu ya saruji huufunga ukuta kama koti la mvua analovaa mtu anayetoka jasho: nje pakavu, ndani panalowa. Unyevu hukosa njia, hupanda juu zaidi, na chumvi hujikusanya nyuma ya saruji mpaka isukume vipande vizima vianguke. Mnaiona chuoni kwenu: ule unga mweupe na lipu iliyovimba kwa chini, usawa wa kiuno. Kila likizo hupigwa saruji mpya na rangi ya mafuta, na kila baada ya masika hubanduka tena.

Kubandua saruji na kurudisha chokaa ni dawa, lakini ni dawa ya polepole. Chokaa ya shimoni inataka wiki kadhaa kuiva kabla ya kuchanganywa. Hupakwa tabaka jembamba, hunyunyiziwa maji isikauke kwa pupa, husubiriwa, kisha tabaka jingine. Na ukuta uliokwisha kujaa chumvi utaendelea kuitoa hata baada ya lipu mpya. Lipu ya kwanza huenda ikaharibika na kutupwa, na hilo mhasibu aambiwe mapema.

*Umeme, hewa na intaneti.* Nyaya hupita juu ya ukuta ndani ya mifereji, zikifuata pembe na boriti. Kutoboa mitaro ndani ya ukuta wa kifusi ni kuufungua tumbo. Kwa hewa, jengo lenyewe limekwisha kufanya nusu ya kazi: dari ndefu, kuta nene, madirisha yanayoelekeana, na uwanda wa kati, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, unaovuta joto juu. Feni nzuri zinatosha vyumba vingi. Kiyoyozi kiwekwe pale tu panapolazimu, na maji yake yapelekwe kwa bomba mpaka chini. Nimekwisha kuona zaidi ya ukuta mmoja uliooza kwa matone ya kiyoyozi. Kuta za nusu mita hukata mawimbi ya Wi-Fi, hivyo panga kifaa kila chumba au kila vyumba viwili, na waya wa kukifikia.

*Moto na upitaji.* Hapa ndipo njia hii ina udhaifu mkubwa. Ngazi ni moja, ya mbao, mwinuko mkali. Ngazi ya pili ya chuma inaweza kusimama uwandani bila kuegemea ukuta. Lifti ni vigumu. Suluhisho la kweli kwa vyuo vingi ni la utawala: huduma ambazo kila mwanafunzi lazima azifikie, yaani usajili, uhasibu, ushauri na angalau darasa moja la kila idara, zikae chini.

*Fedha, muda, mafundi na ruhusa.* Ruhusa hupatikana kwa urahisi kuliko njia nyingine. Mafundi ndio shida. Wanaojua chokaa ni wachache na wengi ni watu wazima. Faida yake ni kwamba kazi inaweza kufanywa bawa kwa bawa huku masomo yakiendelea, na kulipwa kwa awamu. Hasara ni kwamba bei haitabiriki: ukuta ukifunguliwa husema mambo ambayo mkadiriaji hakuyaona. Robo ya bajeti kuwekwa akiba si woga.

Dispensari ya zamani ya Mizingani, Unguja, iliyokamilika 1894, ilifufuliwa kwa njia ya namna hii miaka ya 1990 na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, na kazi ile ikawa pia darasa la mafundi. Chuo chenye idara ya ujenzi kisidharau sehemu hiyo ya pili.

*Inamfaa nani.* Chuo kidogo, au idara zisizo na mashine nzito: lugha, sheria, muziki, sanaa, ofisi za utawala. Chuo cha muziki cha Zanzibar, DCMA, kilianza 2002 na kwa miaka mingi kilifundishia ndani ya Forodha ya zamani. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja au wanne, ala ya nyuzi kama udi au kanuni, chumba chembamba chenye kuta nene zisizopitisha sauti ya chumba cha pili. Matumizi kama hayo hayalilazimishi jengo kitu.

Njia ya pili: kubakiza kuta na kujenga upya ndani

Kwa nje jengo lilelile. Kwa ndani fremu mpya ya chuma au zege, sakafu mpya, ngazi mpya.

*Uzito.* Hakuna kinachoshindana na njia hii. Fremu husimama kwa misingi yake yenyewe, ukuta wa mawe hubaki kujibeba tu, na maktaba inaweza kwenda ghorofa mnayotaka. Mimi ningependa fremu ya chuma ya kufunga kwa bolti kuliko zege: ni nyepesi, haimwagi maji ya saruji ukutani, na kizazi kijacho kikitaka kinaweza kuifungua. Mkiamua zege, mchanga wa ufukweni usikaribie eneo la kazi. Chumvi yake itakula nondo kabla mkopo haujaisha.

Hatari iko katikati ya safari. Sakafu za zamani ndizo zilizokuwa zikizishika kuta zisianguke. Mkiziondoa, mmebaki na ukuta wa kifusi wenye urefu wa mita kumi ukisimama peke yake, na pembeni yake mtu anachimba msingi. Beit al-Ajaib, kasri la Sultan Barghash la 1883, haikuwa kazi ya aina hii hasa, lakini hakuna mhandisi wa pwani asiyeikumbuka: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa yake iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wakapoteza maisha. Jengo bovu huwa dhaifu zaidi siku linapoguswa. Kwa hiyo gharama ya kuziegemeza kuta kwa muda, nje na ndani, ionekane katika mkataba kama kazi kamili yenye mchoro wake na mhandisi wake. Mkandarasi akiifunga ndani ya "maandalizi ya eneo", mrudishieni makaratasi yake.

*Maji na chumvi.* Sakafu mpya hazijali unyevu. Ila kuta zile za nje bado ni za matumbawe na bado zinataka kupumua, kwa hiyo chokaa haiepukiki hata hapa. Inabaki nje na kwenye uso wa ndani wa ukuta wa zamani. Nafasi kati ya fremu na ukuta iachwe wazi au ijazwe kitu laini. Ikijazwa saruji, mmeunganisha viumbe viwili vinavyotanuka na kutikisika tofauti, na nyufa zitaonekana.

*Umeme, hewa na intaneti.* Rahisi. Nafasi za nyaya na mabomba huchorwa tangu mwanzo, vyoo hupangwa ghorofa juu ya ghorofa, lifti hupata shimo lake. Lakini angalieni hesabu ya umeme wa kila mwezi: dari zikishushwa na uwanda wa kati ukizibwa, jengo lililokuwa likijipoza lenyewe litategemea viyoyozi mwaka mzima.

*Moto na upitaji.* Bora kuliko zote: ngazi mbili zilizokingwa, kengele, lifti, milango mipana. Kwa anayedhani moto ni jambo la nadra, Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, la 1941, liliungua usiku wa kuamkia Jumapili, 20 Septemba 2020, na paa na ghorofa zake zikateketea. Makerere walikwenda mbali kuliko njia ninayoieleza hapa, wakalijenga upya kwa kufuata sura ya zamani. Hakuna aliyewalaumu kwa kutaka sura ileile. Jengo lile ndilo lililokuwa picha ya chuo kichwani mwa watu wa nchi nzima. Lakini jengo lililoungua halina sakafu za kuhifadhi. Lenu, ambalo sakafu zake zipo na zinasimama, ni hesabu nyingine.

*Fedha, muda, mafundi na ruhusa.* Fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na jengo lihamwe lote. Wakandarasi wanaoiweza kazi hii wapo wengi, na kuta zikishaegemezwa ratiba hutabirika. Ruhusa ni ngumu; ndani ya Mji Mkongwe au mji wa kale wa Lamu, msitarajie kuambiwa ndiyo kirahisi. Kuna na kinachopotea. Vidaka vya ukutani, ngazi iliyopindwa kwa mkono, boriti zenye alama za tindo, milango ya ndani: vyote hivyo huondoka na lori. Watu wengine hawavijali, na si dhambi. Ila kamati ipite kila chumba na kamera kwanza, ijue inachokitupa.

*Inamfaa nani.* Chuo chenye jengo ambalo ndani yake kumekwisha kuharibika, kwa moto, kwa kuporomoka au kwa ukarabati mbaya uliotangulia, na chenye fedha mkononi na mahali pa kuhamishia watu kwa miaka miwili au mitatu.

Njia ya tatu: kulijengea mwenzake

Jengo la zamani hupewa kazi nyepesi. Maktaba, maabara, jiko na vyoo vingi huenda kwenye jengo jipya lililo karibu, likiunganishwa kwa daraja au ukumbi wa kupita.

*Uzito.* Mzigo mkubwa unatoka kwenye boriti bila boriti kuguswa. Angalizo moja: msingi mpya usichimbwe ukigusa wa zamani. Misingi ya majengo haya mara nyingi si ya kina, na shimo refu kando yake huufanya udongo ukimbie.

*Maji na chumvi.* Vyoo vikihama, nusu ya matatizo ya unyevu huhama navyo. Tangi pia. Tangi la lita 5,000 ni tani tano. Lishusheni kutoka kwenye lile paa la zamani, mkaliweke juu ya jengo jipya.

*Umeme, hewa na intaneti.* Mitambo yote, jenereta, betri za sola na chumba cha seva hukaa upande mpya, na upande wa zamani hupelekewa nyaya chache.

*Moto na upitaji.* Ujanja wa njia hii uko hapa. Lifti na ngazi ya pili zikijengwa upande mpya, na daraja likafika kila ghorofa, jengo la zamani linapata lifti bila kutobolewa. Kazi ni kulinganisha usawa wa sakafu. Ghorofa za zamani hazifanani urefu, na msanifu akiteleza hapo mtaishia na vidaraja vya ngazi tatu tatu ambavyo kiti cha magurudumu hakivuki.

*Fedha, muda, mafundi na ruhusa.* Wafadhili hupenda jengo jipya, lina ukuta wa kubandikwa jina. Masomo hayasimami. Lakini kiwanja kinatakiwa, na vyuo vya katikati ya miji ya kale havina. Ruhusa hutegemea urefu na umbo. Na kuna hatari ambayo haiko kwenye mchoro wowote: jengo jipya likifunguliwa, fedha zikiisha, la zamani hugeuka stoo ya viti vilivyovunjika. Miaka mitano ya paa lisiloangaliwa inatosha kulimaliza. Atakayechagua njia hii aandike kwenye mkataba uleule kwamba paa na mifereji ya jengo la zamani vitengenezwe kabla msingi mpya haujamwagwa.

Mombasa inao mfano wa majengo ya vizazi tofauti kukaa pamoja. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu iliyoanza kufundisha 1951, ambayo Sultani wa Zanzibar alikuwa miongoni mwa waliochangia kuijenga, leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, hadhi iliyoipata 2013. Chuo kimekua, majina yamebadilika, kuba na mnara vinaendelea kuwa uso wake.

*Inamfaa nani.* Chuo chenye ardhi, kinachokua haraka, na chenye uongozi unaoweza kuahidi matengenezo ya kila mwaka na kuitimiza ahadi hiyo.

Mkiwa katika hali gani, mwelekee wapi

Kama idadi ya wanafunzi imetulia na masomo yenu ni ya kukaa na kusikilizana, anzieni njia ya kwanza. Hamtapata jengo la watu elfu. Mtapata lile mlilonalo, likiwa zima.

Kama mnahitaji maabara au maktaba kubwa na mna kiwanja, ya tatu ndiyo nyepesi kwa roho na kwa boriti. Bila kiwanja, pimeni kama jengo jingine la kawaida mjini haliwezi kukodishwa kwa ajili ya maktaba. Chuo hakilazimiki kuwa chini ya paa moja.

Kama ndani kumeungua au sakafu zimekwisha kubadilishwa kuwa zege bovu, hoja ya kuhifadhi ndani imepungua sana, na njia ya pili inastahili kusikilizwa bila kuitwa ya wabomoaji. Sharti ni mhandisi aliyewahi kuegemeza kuta za mawe, na aonyeshe alipofanya.

Kama jengo liko ndani ya eneo la urithi, nendeni kwa mamlaka husika mkiwa na orodha ya matumizi tu, bila mchoro. Ofisa akishirikishwa mapema husema wapi pana nafasi. Akiletewa mchoro uliokamilika hana la kufanya ila kuupitisha au kuukataa.

Kuchanganya kunaruhusiwa pia, na vyuo vingi huishia hapo: mabawa mawili yakakarabatiwa kwa chokaa, bawa la nyuma lililoporomoka likapewa fremu mpya yenye lifti na vyoo.

Na kama fedha hazipo kabisa, ipo kazi ya kufanya kabla ya masika yajayo. Zibueni mifereji ya paa. Shusheni tangi. Tafuteni bomba linalovuja ndani ya ukuta wa choo, mlifunge hata kama ghorofa hiyo itakosa maji. Kateni miti iliyoota kwenye nyufa, pamoja na mizizi. Hamisheni makabati ya vitabu na mafaili kutoka katikati ya chumba yakae kando ya kuta, karibu na ncha za boriti, na yale mazito yashuke chini. Msipige saruji popote. Kisha mchagueni mtu mmoja wa kupanda paani kila baada ya mvua kubwa, na mumpe ufunguo.